Setilaiti Huona Theluji, Haioni Mbavu za Kondoo

Mfugaji wa Mongolia huiogopa theluji ikizidi, na huogopa vilevile isipoanguka kabisa. Ikizidi, nyasi hufukiwa na mifugo haizifikii. Isipoanguka, mifugo hukosa maji, kwa sababu katika miezi ambayo mito na visima vimeganda, kondoo na farasi hukata kiu kwa kula theluji. Kwa hiyo mtu anayetazama picha ya setilaiti na kuamua kwamba palipo peupe pana hatari na palipobaki rangi ya udongo pako salama, amekosea pande zote mbili.

Swali la namna ya kupima hatari ya theluji kutoka angani linasikika kama swali la mitambo: kamera gani, mawimbi gani, ramani ya rangi ngapi. Kadiri ninavyolichambua ndivyo ninavyoona kuwa mitambo ndiyo sehemu iliyokwisha kupatiwa majibu mengi zaidi. Ugumu uko kwingine. Kondoo wa Mongolia hauawi na theluji bali na njaa, na njaa hiyo mara nyingi ilianza miezi sita nyuma, wakati wa majira ya joto, siku ambazo hapakuwa na hata chembe moja ya theluji ya kupigwa picha.

Wamongolia wana neno lao kwa janga hili: zud. Kwa ulimi wetu niliandike zudi. Wanaotafsiri harakaharaka huliita janga la theluji, lakini maana yake ni pana kuliko hiyo. Zudi ni vifo vingi vya mifugo katika majira ya baridi, sababu iwe yoyote. Zudi nyeupe ni ile ya theluji nene. Zudi nyeusi ni ya kukosa theluji, hivyo kukosa maji. Zudi ya chuma hutokea pale theluji inapoyeyuka kwa vuguvugu la siku moja au mbili, kisha baridi ikarudi na kuigandisha ikawa bamba. Ipo pia zudi ya baridi kali, na ipo zudi ya kwato, ambayo ni malisho kukanyagwa na kumalizwa na mifugo mingi kupita kiasi hata kabla mbingu haijafanya lolote. Majira mamoja yanaweza kubeba aina mbili au tatu kwa mpigo. Mpangilio huu ni wa wafugaji wenyewe, na kwangu umewazidi wataalamu wengi wa ramani kwa jambo moja: umepangwa kwa kufuata kinachomzuia mnyama asile au asinywe. Wingi wa kilichoanguka kutoka juu haukuwashughulisha.

Hebu tumtazame mnyama mwenyewe. Farasi huchimba theluji kwa kwato za mbele, akala vichwa vya nyasi, akasogea. Kondoo humfuata nyuma na kuokota alichobakisha katika shimo lile lile. Ng'ombe hajui kuchimba kwa kwato. Husukuma theluji kwa pua yake, na theluji ikiwa nzito husimama tu akingoja. Ndiyo maana mfugaji mwenye farasi wazima ana nafasi nzuri zaidi ya kuokoa kondoo wake. Sasa weka bamba la barafu juu ya theluji hiyo. Kwato za farasi zinateleza, kingo za barafu zinamchana miguu, pua ya ng'ombe inatoka damu, na sentimita kumi tu za theluji zinakuwa mlango uliofungwa. Kwenye picha, sentimita hizo kumi zinaonekana nyeupe kama nyingine zote.

Hasara zake zimeandikwa. Kati ya 1999 na 2002, majira matatu ya baridi yaliyofuatana, huku majira ya joto ya katikati yakiwa ya ukame, yaliua mifugo ipatayo milioni 11. Baridi ya 2009 hadi 2010 iliua takribani milioni 10, zaidi ya moja ya tano ya mifugo yote ya nchi, na karibu familia 9,000 zilibaki bila hata mnyama mmoja. Baridi ya 2023 hadi 2024 iliua zaidi ya milioni 7. Hii ni nchi ya watu wapatao milioni 3.5. Familia iliyofilisika huvunja hema lake la mduara, hulipakia kwenye lori, na kulisimamisha upya pembezoni mwa Ulaanbaatar, ambako hupikia na kuota moto wa makaa ya mawe. Karibu nusu ya Wamongolia sasa wanaishi katika jiji hilo moja.

Sasa twende juu.

Picha za setilaiti zimetumika kuchora ramani za theluji za nusu ya kaskazini ya dunia tangu 1966, kazi iliyoanzwa na idara ya hali ya hewa ya Marekani kwa watu kukaa na kuchora kwa macho na kalamu, juma baada ya juma. Kazi ya leo inategemea zaidi vyombo kama MODIS, kilichopaa na setilaiti ya Terra mwezi Desemba 1999 na kingine kama hicho kwenye Aqua mwezi Mei 2002. Hupita kila siku na kuigawa ardhi katika vipande vya mita 500 kwa 500. Namna kinavyotambua theluji ni ya kupendeza kwa wepesi wake. Theluji hurudisha karibu mwanga wote wa kijani unaoifikia, lakini humeza mwanga wa infraredi wa mawimbi mafupi, ule usioonekana kwa macho. Wingu, ambalo kwa jicho la mtu ni jeupe vilevile, hurudisha yote mawili. Chukua basi tofauti ya vipimo hivyo viwili, igawe kwa jumla yao. Kipande kilichorudisha asilimia 80 ya kijani na asilimia 10 ya infraredi kinatoa 0.78. Wingu lililorudisha asilimia 70 na 60 linatoa 0.08. Kwa desturi, kinachozidi 0.4 huhesabiwa kuwa theluji. Hesabu ya darasa la sita, na inafanya kazi kwenye mabara mazima.

Kasoro mbili zinabaki. Ya kwanza ni mawingu. Sisi tumezoea kusema dalili ya mvua ni mawingu, nayo ni habari njema; kwa kamera ya angani wingu ni pazia, na pazia hilo huteremka siku ile ile theluji inapoanguka. Wataalamu hulikwepa kwa kuunganisha picha za siku nane na kuchukua kila kipande kilipoonekana wazi. Kasoro ya pili haikwepeki: jicho linaona uso, halioni kina. Theluji ya sentimita tatu, ambayo kondoo huifagia kwa mdomo, na ya sentimita arobaini, ambayo humzika, ni weupe ule ule.

Ili kupata kina, watu waliacha mwanga wa jua wakaenda kusikiliza ardhi yenyewe. Ardhi hutoa mawimbi hafifu ya mikrowevu usiku na mchana. Mawimbi hayo yakipanda kupitia theluji, chembe za theluji huyatawanya, na yale ya masafa ya juu hutawanywa zaidi kuliko ya masafa ya chini. Kwa hiyo theluji inavyozidi unene, ndivyo pengo kati ya masafa mawili linavyopanuka. Vyombo vya kusikiliza hivyo vimekuwa angani tangu 1978, na cha Kijapani kilichorushwa 2012 kingali miongoni mwa vinavyotegemewa. Mwaka 1987 Alfred Chang na wenzake wa NASA walitoa kanuni ambayo hadi leo hurejewa: chukua joto linalosomeka katika masafa ya gigahezi 18, toa lile la gigahezi 37, zidisha kwa 1.59, unapata sentimita. Yakisomeka kelvini 245 na 230, tofauti ni 15, na theluji ni karibu sentimita 24. Mawingu hayazuii, usiku hauzuii.

Ukiishia hapo utadhani kazi imekwisha. Lakini mawimbi hayo ni hafifu mno, hata chombo hulazimika kukusanya sauti ya eneo kubwa ili kusikia chochote. Kipande kimoja cha ramani hizo kwa kawaida ni kilomita 25 kwa 25, yaani kilomita za mraba 625. Unguja nzima, kutoka Nungwi hadi Kizimkazi, ingeenea katika vipande vitatu. Mfugaji wa milima ya Khangai au Altai hachagui kambi yake ya baridi kwa wastani wa vipande vya ukubwa huo. Anachagua ubavu mmoja wa mlima unaotazama kusini, wenye jua na kinga ya upepo, ambako theluji haikai sana. Na upande wa pili wa mlima huo huo, umbali wa kutembea kwa miguu, theluji inafika kiunoni. Setilaiti inavichanganya vyote na kutoa namba moja isiyo ya kweli kwa upande wowote.

Theluji yenyewe nayo hubadilika bila kuongezeka. Ikilowa, maji huziba mawimbi na chombo hudhani hakuna kitu. Ikiwa nyembamba kuliko sentimita kama tano, haisikiki. Na theluji ya Mongolia kwa kawaida ni nyembamba, kavu, juu yake kuna baridi ya nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri na chini yake ardhi yenye joto kidogo. Tofauti hiyo huzikuza chembe za chini zikawa kubwa kama sukari ya chengachenga, na chembe kubwa hutawanya mawimbi kupita kiasi, hata theluji ile ile ikasomeka nene kuliko ilivyo. Kwa maneno mengine, kanuni inayofanya vizuri kwingine ina udhaifu hasa katika nchi inayoihitaji. Ndiyo maana mtu wa kituo cha hali ya hewa bado anatoka nje na kuchomeka rula. Sioni siku atakayoachishwa kazi.

Zudi ya chuma ni ngumu zaidi kuiona. Rada, inayotuma mawimbi yake na kusikiliza mwangwi, inatoa matumaini, na tangu setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-1 irushwe 2014 picha za namna hiyo zinapatikana bure kwa yeyote. Waliosukumwa zaidi kuitafuta barafu hiyo ni watafiti wa kaskazini ya mbali, kwa sababu janga lile lile huwapata wafugaji wa kulungu wa theluji. Katika rasi ya Yamal, Urusi, mvua ya Novemba 2013 iliangukia theluji ikaganda, na kulungu wapatao 61,000 wakafa njaa wakiwa wamesimama juu ya malisho yao.

Tuseme sasa kwamba yote hayo yamerekebishwa, na tuna ramani ya theluji isiyo na kosa hata la sentimita moja. Bado hatujapima hatari. Wanaoshughulika na majanga hugawa hatari katika mafungu matatu: tukio lenyewe, vilivyo mbele yake, na unyonge wa hivyo vilivyo mbele yake. Ramani ya theluji ni fungu la kwanza tu, tena nusu yake.

Mnyama wa Mongolia huishi majira ya baridi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini kati ya Juni na Septemba. Mvua ya majira ya joto ikikosekana, nyasi hubaki fupi, mnyama huingia baridini akiwa mwepesi, na mfugaji hana majani makavu ya kutosha ya kuhifadhi. Theluji ambayo mwaka wa neema ingekuwa usumbufu, mwaka huo inakuwa msiba. Tena nyasi fupi hufukiwa na theluji kidogo. China, ambayo ina wafugaji wa yaki na kondoo katika nyanda za juu za Qinghai na Tibet wenye tatizo kama hili, imelizingatia jambo hilo vizuri: vipimo vyake vya janga la theluji malishoni havitazami kina peke yake, vinatazama uwiano wa kina na urefu wa nyasi, pamoja na idadi ya siku theluji ilizokaa. Sentimita 15 juu ya nyasi za sentimita 30 na sentimita 15 juu ya nyasi za sentimita 10 ni mambo mawili tofauti.

Hapa ndipo setilaiti inaporudi na manufaa yake makubwa, na safari hii haitazami theluji. Inatazama kijani. Mimea hai humeza mwanga mwekundu na kurudisha infraredi ya karibu. Tofauti ya viwili hivyo ni kipimo cha ukijani ambacho kimekusanywa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2008 Kaoru Tachiiri, Masato Shinoda na wenzao walichapisha uchambuzi uliounganisha ukijani wa majira ya joto, kiasi cha maji kilichomo katika theluji, idadi ya mifugo na vifo vya mwaka uliotangulia, wakitafuta nini kinatabiri vifo vijavyo Mongolia. Njia waliyotumia ni kama mtu anayehoji: nyasi za Agosti zilikuwa duni? Kama ndiyo, je, theluji ya Desemba ni nyingi? Kama ndiyo, je, mwaka jana mifugo ilikufa? Kila jibu linafungua swali jingine, mpaka wilaya inafika kwenye tawi lake. Nimeipenda njia hiyo kwa sababu mfugaji mzee angeifuata bila kufunzwa. Maswali hayo ndiyo anayojiuliza mwenyewe Oktoba, anapopapasa mgongo wa kondoo na kuhesabu marobota ya majani.

Na vilivyo mbele ya tukio? Mwaka 1990 Mongolia ilikuwa na mifugo ipatayo milioni 26. Mwaka 2009 ilikuwa milioni 44. Mwaka 2019 ilipita milioni 70. Katika kipindi cha kwanza mbuzi pekee waliongezeka kutoka milioni 5 hadi zaidi ya 19, kwa sababu ya manyoya laini ya kashmiri, bidhaa ambayo Mongolia ni ya pili kwa uzalishaji duniani baada ya China. Katikati ya hapo liko jambo ambalo hakuna chombo cha angani kilichoweza kulipiga picha: kuvunjwa kwa vyama vya ushirika vya enzi ya ujamaa, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ushirika huo ulikuwa na mengi ya kulaumiwa, lakini ndio uliokata majani ya akiba, uliotunza visima, uliotuma daktari wa mifugo na lori la kuhamisha kambi. Ulipovunjika, watu waliopoteza kazi mijini walipewa mifugo wakaenda nyikani wakiwa hawajui baridi ya huko. Zudi ya 1999 iliwakuta hao. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka ghala za ushirika zilivyogeuka magofu hahitaji maelezo marefu.

Ramani inayojaribu kukusanya mambo haya yote ipo. Idara ya hali ya hewa ya Mongolia hutoa ramani ya hatari ya zudi mwanzoni mwa majira ya baridi, ikishirikisha hali ya malisho, ukame uliopita, theluji iliyopo, joto linalotabiriwa na wingi wa mifugo. Chuo Kikuu cha Nagoya cha Japani ni miongoni mwa walioisaidia kuiboresha. Inachorwa kwa ngazi ya wilaya. Kwa kuwa nchi ina wilaya zipatazo 330 katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.5, wilaya moja ni wastani wa kilomita za mraba 4,700, karibu mara tatu ya Unguja. Lakini wilaya ina faida ambayo kipande cha setilaiti hakina: ina mkuu wake, ina bajeti, ina orodha ya kaya. Ramani iliyokatwa kwa mipaka ya utawala inapoteza usahihi wa kijiografia na kupata mtu wa kumbana. Naona ni biashara nzuri.

Hata hivyo rangi nyekundu kwenye ramani ni ujumbe kwa nani, na umwambie afanye nini? Silaha ya kale ya mfugaji wa Mongolia ni kuhama: zudi ikinyemelea, huondoka na kundi kwenda kutafuta malisho mbali, wakati mwingine mkoa wa pili. Ramani ikionyesha mkoa mmoja mweupe kati ya mikoa minne myekundu, watu wenye makundi kutoka mikoa minne watauelekea huo mmoja, na baada ya mwezi zudi ya kwato itakuwa imewafikia wenyeji ambao hawakuwa hatarini. Ramani ya namna hii, ikiaminiwa, inajiharibu yenyewe. Na ikiwa karibu nchi nzima ni nyekundu, kama ilivyokaribia kuwa katika baridi ya 2023 hadi 2024, haimwambii mtu aende wapi.

Baridi hiyo inastahili kuangaliwa, kwa sababu haikumshtua yeyote aliyekuwa akifuatilia. Ilikuja mara tu baada ya baridi nyingine mbaya. Mapema Novemba theluji nzito iliteremka, kukaja vuguvugu, kisha baridi, na barafu ikajifunga. Theluji ya msimu ule ilitajwa kuwa nyingi kuliko yoyote tangu 1975. Setilaiti ziliona. Idara ilionya. Mashirika yaliandika taarifa zenye picha nzuri. Mifugo zaidi ya milioni 7 ikafa, mingi katika miezi ya mwisho ya baridi na mwanzo wa machipuo, wakati mafuta ya mwilini yamekwisha na majani makavu yamekuwa ghali. Huwezi kusema taarifa zilikosekana.

Mfano wa taarifa kugeuzwa kuwa kitu cha mkononi upo pia. Baridi ya 2017 hadi 2018, Msalaba Mwekundu wa Mongolia, ukisaidiwa na wenzake wa kimataifa, uliitumia ramani ya hatari kama kigezo cha kutoa fedha taslimu na vifurushi vya lishe ya mifugo kwa kaya zipatazo 2,000, kabla ya vifo. Kaya 2,000 ni chache katika nchi yenye kaya za wafugaji zaidi ya laki moja na nusu. Lakini utaratibu ndio wenye thamani: masharti yaliandikwa mapema, ramani ikifika rangi fulani fedha inatoka, bila kusubiri kamati ikutane kuhesabu mizoga.

Bima ndiyo njia kubwa zaidi, na hapa Mongolia na Kenya zina la kuambizana. Mongolia ilianza 2006, kwa msaada wa Benki ya Dunia, katika mikoa ya Bayankhongor, Khentii na Uvs, kabla ya kuenea nchi nzima. Bima hiyo haimwulizi mfugaji amepoteza wanyama wangapi. Hutazama vifo vya aina hiyo ya mnyama katika wilaya nzima. Katika mpango wa mwanzo, vifo chini ya asilimia 6 vilikuwa mzigo wa mfugaji, juu ya hapo kampuni ililipa, na vikipita asilimia 30 serikali ilibeba. Aliyehangaika akaokoa kundi lake hulipwa sawa na aliyelala, kwa hiyo hakuna faida ya kulala. Lakini kipimo chake hakitoki angani kabisa. Kinatoka kwenye hesabu ya mifugo ambayo serikali huifanya kila Desemba, kaya kwa kaya, ikifuatwa na hesabu ya katikati ya mwaka.

Marsabit, kaskazini mwa Kenya, bima ya mifugo iliyobuniwa na ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, pamoja na washirika wake, ilizinduliwa Januari 2010 na ikachukua njia nyingine: kipimo ni ukijani wa malisho kama setilaiti inavyouona. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, katika ule ukame mkali. Mwanzoni kipimo kilikuwa kikikadiria vifo. Baadaye wakabadilisha wazo: kwa nini kumlipa mfugaji ng'ombe akishakufa, ilhali fedha ile ile ikija mapema ingemnunulia majani na ng'ombe akaishi? Mpango wa serikali ya Kenya ulioanza Turkana na Wajir mwaka 2015 ulijengwa juu ya wazo hilo.

Kwa nini Mongolia, yenye utaalamu wote niliousimulia, haikutumia setilaiti kwa bima yake? Jibu langu ni kwamba ilifanya busara. Marsabit, kijani kikikosekana misimu miwili mfululizo, mifugo itakufa. Uhusiano ni wa karibu. Mongolia, kati ya theluji na kifo pamesimama mambo mengi mno: barafu, mafuta ya mwilini, akiba ya majani, farasi wa kuchimba njia, deni la benki. Bima inayofuata kina cha theluji ingelipa wasiopata hasara na kuwanyima waliofilisika, na wafugaji wangeichoka kwa mwaka mmoja. Hesabu ya kichwa kwa kichwa ni ya kizamani lakini ni ya kweli.

Ila imenunua ukweli huo kwa gharama ya muda. Hesabu ya katikati ya mwaka inamaanisha malipo hufika zudi ikiwa imepita, nyasi mpya zimeota na mizoga imekwisha kufukiwa. Fedha hiyo hununua kondoo wapya, jambo jema, lakini haikuokoa wale wa kwanza. Ramani ya idara ya hali ya hewa, kwa upande wake, inatoka kondoo akiwa bado na mafuta na majani yakiwa bado yanauzwa kwa bei ya kawaida. Kwa hiyo Mongolia ina vitu viwili: kipimo cha kweli kinachochelewa, na kipimo cha kukadiria kinachowahi. Njia ya Marsabit ingewafundisha kuvitumia vyote, sehemu ndogo ya fedha itoke mapema kwa ramani, sehemu kubwa ije baadaye kwa hesabu. Ramani ikikosea, mfugaji atakuwa amenunua majani ambayo atayatumia mwaka unaofuata.

Fedha za utafiti bado zinakwenda kwenye kukifanya kipande cha kilomita 25 kiwe cha kilomita 10. Ni kazi halali, na siibezi. Lakini kati ya siku ramani inapotoka na siku malipo ya bima yanapofika hupita zaidi ya nusu mwaka, na ni ndani ya nusu mwaka huo ambapo mifugo milioni 7 ilikufa. Setilaiti kali zaidi haitaufupisha muda huo hata kwa siku moja.